Yule Mmoja Anayetushusha Wastani

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka mpaka harufu ya gundi yake, mwanangu. Nilikuwa nimeinama darasani, nabandika namba za mtihani kwenye madawati ya darasa la saba, ili kesho yake watoto waingie kufanya mtihani wa kumaliza shule. Madawati thelathini na moja, namba thelathini na moja. Na nilijua vizuri kwamba dawati moja litabaki tupu, kwa sababu ni mimi niliyepanga libaki tupu.

Ngoja kwanza, nisiruke mambo. Nimeyakumbuka haya kwa sababu yako. Juzi umenitumia picha kwenye simu, nikatafuta miwani, nikatoka nayo barazani penye mwanga. Kumbe ni orodha ya mtihani wa majaribio wa kata yenu huko Mbeya. Shule unayofundisha inaongoza, ile ya jirani inawafuata kwa karibu. Ukaandika kwamba kwenye kundi la wazazi watu wameanza kurushiana maneno, na kwamba jirani zenu mngewaacha mbali kabisa isingekuwa mtoto mmoja tu anayewashusha wastani. Ukamalizia, "Baba, huyo tunamtafutia namna." Ukaweka na kale kauso kanakocheka.

Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Mama yako alipita na ndoo ya pumba za kuku akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia msiba hakuna, ila kuna jambo nimelikalia miaka mingi, na yeye mwenyewe analijua nusu tu. Basi leo mlisikie wote wawili.

Unajua kwamba kazi niliianzia kule milimani, juu ya Mbalizi. Kijana wa Kihesa kule Iringa, Mhehe mtupu, natua katikati ya Wasafwa na Wanyakyusa, kila mtu ninampa salamu ya Kihehe, "kamwene" na wao wanacheka. Kata ile ilikuwa na shule mbili za msingi, zote za serikali. Moja ilikuwa kilimani, watu wakaiita Juu. Ya kwetu ilikuwa ng'ambo ya kijito, wakaiita Bondeni. Usidhani walikuwa watu tofauti. Ndugu wa tumbo moja, huyu mtoto wake anasoma Juu, yule wake anasoma Bondeni, kutegemea tu nyumba imeangukia upande gani wa kijito.

Sasa walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona mahali pengine popote. Waliiita siku ya viazi. Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, shule zote mbili zinakutana. Shule yenye wastani mdogo inaleta viazi, maharage na kuni, wazazi na walimu wake wanamenya, wanapika, wanapakua. Wenye wastani mkubwa wanakaa kwenye mabenchi, hawanyanyui hata kijiko. Waliniambia ilianza kama utani wa mtendaji mmoja wa kata wa zamani, na mwaka wa kwanza watu walicheka mpaka machozi. Lakini mimi nilipofika, kicheko kilishakwisha. Kulikuwa na dada wawili waliokuwa hawasalimiani bombani kwa ajili ya wastani. Watoto wa Juu wakikutana na wa Bondeni njiani walikuwa na swali moja tu: "Mmeshamenya?"

Na Bondeni tulikuwa tumemenya miaka minne mfululizo. Mimi mwenyewe miwili kati ya hiyo nilishika kisu. Tena nilimenya mbele ya nani? Mbele ya mama yako, mwanangu. Alikuwa amekaa benchi la Juu na wazee wake, mimi nimeshaanza kumpelekea salamu, halafu napita na sufuria nampakulia. Baba yake, babu yako huyo, akaonja akasema, "Kijana, mwaka huu viazi mmevimenya vizuri kuliko mwaka jana." Benchi zima likacheka. Nililala na lile neno siku nyingi. Nikajiapiza kwamba mwaka unaofuata mzee yule atamenya.

Mwaka huo nikafundisha kweli, siwezi kujisingizia uvivu. Hesabu asubuhi, hesabu jioni. Ulipofika mtihani wa majaribio nikachukua daftari la mraba, nikapiga wastani wetu, nikapiga na wa Juu. Tulikuwa tumewakaribia hivi hivi. Nikarudia. Safari hii nikaacha jina moja nje, nikaona tumewapita. Nikarudia tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Jina lenyewe lilikuwa la Sekela.

Sekela alikuwa binti wa mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyehamia pale na ng'ombe wake wawili wa maziwa. Karibu mwaka mzima wa darasa la sita mtoto yule hakuonekana shuleni, mama yake alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa akipika, akifua na kukata majani. Aliporudi alikuta wenzake wameshafika mbali. Alikuwa mtaratibu, akisoma anafuata mstari kwa kidole. Hakuwahi kunisumbua hata siku moja. Nadhani ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Nikamwita baba yake, nikamkalisha ofisini. Nikamwambia, "Mzee, binti yako hayuko tayari. Ataingia pale atoke na aibu. Afadhali apumzike nyumbani siku hizo mbili za mtihani, tutasema anaumwa."

Mzee akazungusha kofia yake magotini. "Na shule yake je, mwalimu?"

"Shule ndiyo imekwisha, mzee. Hata akifanya hataweza."

"Basi nimpeleke Tukuyu kwa shangazi yake, akachume chai," akasema. "Mwalimu ndiye unayejua."

Umesikia alivyosema? Mimi ndiye ninayejua. Akanishukuru na kunishukuru, na siku iliyofuata akaniletea chupa ya maziwa. Nikayanywa. Tena nilijiambia kwamba nimemwonea mtoto huruma, nimemwepusha na aibu, na maneno hayo nikayaamini kabisa. Nilichokuwa nimefanya ni kumnyima cheti cha darasa la saba, na siku zile bila kile cheti hakuna mlango ambao ungekufungukia, hata chuo cha ufundi wangekurudisha getini.

Basi ndiyo nikawa na gundi yangu mchana ule, kesho yake mtihani. Watoto nimeshawaruhusu waende wakapumzike. Nikasikia mtu anapiga hodi, nageuka namwona Mwalimu Tupokigwe amesimama mlangoni.

Huyu mama alikuwa mwalimu mkuu wa Juu. Mtu mzima, mnene kidogo, kitambaa kichwani, amekuja kwa miguu na vumbi la Septemba limempanda mpaka magotini. Niseme kweli, nilikuwa simpendi. Kwa miaka minne ndiye aliyekaa katikati ya lile benchi. Nikamwamkia kwa adabu, nikamvutia kiti. Hakukaa. Alianza kupita kati ya madawati taratibu, anasoma namba moja moja kana kwamba amekuja kukagua, mpaka akafika safu ya dirishani. Akaweka kiganja juu ya dawati.

"Hapa anakaa nani, baba?"

Nikamwambia ni pa Sekela.

"Anaumwa?"

Nikainamia kopo langu la gundi.

"Maana baba yake kaniletea maziwa leo asubuhi," akasema, "akaniaga. Kasema mchana anampeleka binti Tukuyu, mwalimu kaona apumzike. Nikamuuliza ni mwalimu gani aliyeona hivyo siku moja kabla ya mtihani. Akakusifu sana."

Mwanangu, nilitamani nimezwe na ile sakafu. Nikaanza kujitetea, kwamba mtoto ni dhaifu, kwamba ni kwa faida yake. Aliniacha nikamaliza yote. Hakupandisha sauti hata kidogo, na mimi ningependelea anifokee.

Akasema, "Mimi nilimficha mmoja. Mwaka ule wa kwanza tuliowashinda ninyi, nilimficha mtoto mmoja nyumbani kwao, nikawaambia wazazi maneno hayo hayo uliyoniambia sasa hivi. Sasa ni kijana mkubwa, unamjua. Ndiye muuza kuni anayewaletea ninyi mzigo siku ya viazi. Kila akitua mzigo anavua kofia, ananiamkia, ananiita mwalimu wangu. Yeye hajui. Mimi ndiye ninayejua."

Akaondoa mkono kwenye dawati, akapangusa vumbi kwenye kanga yake.

"Kama ni viazi, mwaka huu nitamenya mimi. Mkitushinda nitamenya, tukiwashinda nitamenya. Nimekuja kukuahidi hilo. Sasa huyu mtoto anakuzuia nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina daftari la mraba lenye hesabu zilizopigwa mara tatu, na hakuna hata moja iliyonisaidia pale.

Nilitoka mbio bila kufunga hata kopo la gundi. Nyumbani kwa Ambakisye nikamkuta mama yake Sekela peke yake, anaanika mahindi. Akaniambia wametoka muda, wameteremka Mbalizi kusubiri gari. Nikarudi kuomba baiskeli ya mwalimu mkuu wetu. Baiskeli ile breki ilikuwa haina, breki ilikuwa ni ndala yako. Mteremko wote wa kwenda Mbalizi nimekanyaga tairi kwa mguu, vumbi machoni, na kila gari dogo ninaloliona chini barabarani linaelekea Iyunga, njia ya kwenda Tukuyu, moyo unaniambia ndilo hilo, ameshaondoka. Kama ameshapanda, basi. Mtihani unaanza saa mbili asubuhi, na Tukuyu si karibu. Niliomba, mwanangu. Mimi ambaye kanisani nilikuwa nakaa benchi la nyuma ili niwahi kutoka.

Wakati nafika kituoni ndala ilishatoboka. Nikatazama huku na huku, sikuwaona. Halafu nikamwona mzee Ambakisye amekaa kwenye gogo mbele ya duka la vitambaa, begi katikati ya miguu, uso umekunjamana. Yuko peke yake.

"Sekela yuko wapi?" Hata sikumwamkia.

"Chooni," akasema mzee, kwa hasira ya mtu aliyechoka. "Magari mawili yamekuja, magari mawili yametuacha. Kila gari likifika, mtoto anaomba chooni. Sijui amekula nini."

Nilishusha pumzi, nikakaa kwenye lile gogo bila kukaribishwa. Nilicheka, nikacheka mpaka mzee akaniangalia vibaya. Mtoto yule niliyesema mtaratibu, niliyesema hawezi, alikuwa amemzidi akili baba yake na mwalimu wake kwa pamoja, kwa choo cha kituo cha magari.

Akaja. Aliponiona akasimama mbali, akaogopa. Alikuwa amevaa sweta kubwa la mama yake limemfika magotini, na chini ya sweta inaonekana sketi ya shule. Kwenye soksi ya kushoto alikuwa amechomeka penseli mbili, zimechongwa kwa kisu.

Nikamgeukia mzee kwanza, maana ndiye niliyemdanganya. "Mzee Ambakisye, nilikosea. Naomba mtoto arudi, kesho afanye mtihani."

Mzee akavuta begi karibu. "Mwalimu, juzi ulisema hivi, leo unasema vile. Nishike lipi?"

"Shika hili la leo, mzee. Lile la juzi lilikuwa la kwangu, halikuwa la mtoto."

Mzee akainuka. Halafu akamnyooshea binti yake begi. Sekela hakulipokea. Aliuliza swali, ananiuliza mimi, lakini macho yako chini kwenye ndala yangu iliyotoboka.

"Nikifanya, mwalimu, nitawashusha?"

Kumbe alijua. Watoto wanajua, mwanangu. Hakuna aliyemwambia, lakini aliona jinsi ninavyopita dawati lake bila kusimama, na jinsi ninavyotangaza alama za kila mtu halafu za kwake nazisoma haraka haraka. Nililia pale pale kituoni mbele ya watu wa Mbalizi na mizigo yao. Nikamwambia hatanishusha, na kwamba mimi ndiye ninayemwomba aje. Tukapandisha mlima kwa miguu, watatu sisi, begi tumelipakia kwenye baiskeli, na njiani nikamuuliza hesabu za sehemu mpaka tunafika kijitoni. Nusu yake alizipata.

Kesho yake saa mbili madawati yote thelathini na moja yalikuwa na watu. Nilisimama nje, sikuruhusiwa kuingia, nikachungulia tu safu ya dirishani. Raha niliyoiona asubuhi ile sijui nikuelezeje. Ni ile ya mtu aliyeacha mtoto karibu na moto, akarudi mbio akamkuta anacheza.

Utaniuliza matokeo. Juu walitushinda tena, tena kwa kidogo sana. Nilirudia ile hesabu yangu kwa siri, na ni kweli, bila Sekela tungekuwa kwenye mabenchi. Sekela mwenyewe alifaulu mtihani, ingawa hakuchaguliwa kwenda sekondari. Siku zile nafasi zilikuwa chache kama nini. Lakini cheti alipata.

Siku ya viazi ikafika, mvua imenyesha, matope tele. Tumewasha moto, tumeshika visu, Juu wanaanza kukaa. Mwalimu Tupokigwe akapita mabenchi yote bila kukaa, akaja upande wetu, akaomba kisu. Akakunja mikono ya nguo yake, akaanza kumenya. Watu wakadhani mama amechanganyikiwa. Baadaye kidogo mama yako akanyanyuka na yeye. Hilo analikumbuka, ila sababu yake ndiyo alikuwa haijui. Wakafuata wengine. Mwisho kabisa babu yako, naye kwa kujikokota, akachukua kiazi akakimenya vibaya mpaka kikabaki kama karanga. Sikumwambia neno. Wale dada wawili wa bombani wakagawana beseni moja.

Tangu mwaka ule watu wakawa wanapika pamoja. Kushindana hakukuisha, nisikudanganye, lakini kuliacha kuuma. Kila Alhamisi nilipanda Juu kuwafundisha hesabu, na Mwalimu Tupokigwe akashuka Bondeni kufundisha Kiswahili, maana tulipolinganisha vizuri tuliona wao wanapotea wapi na sisi tunapotea wapi.

Na Sekela? Sekela unamjua. Ulipoanza darasa la kwanza nilikushika mkono tukashuka Mbalizi, kwa fundi mmoja mpole aliyekupima mabega na kukuambia usikunje shingo. Alikushonea sketi ya bluu, na alikataa katakata nimlipe. Ukaniuliza kwa nini, nikakwambia ni rafiki wa baba. Ndiye huyo. Alipeleka cheti chake chuo cha ufundi, wakampokea. Mpaka leo sare za Juu na sare za Bondeni zote zinatoka kwenye cherehani yake, na kitambaa ni kilekile.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Sikukatazi kulinganisha. Ukiona jirani wamewapita kwenye somo, vaa viatu uende ukawaulize wanalifundishaje. Ukiwapita ninyi, wakaribishe waje waone. Orodha ni ya kazi hiyo tu. Lakini mtoto usimfiche, usimhamishe, usimrudishe darasa wala usimshauri baba yake ampumzishe, kwa ajili ya kuipendezesha orodha. Wazazi wa watoto wetu wanaamini tunachosema. Watavua kofia, watashukuru, wataleta na maziwa. Usije ukayanywa maziwa ya namna hiyo. Na wale wanaorushiana maneno kwenye kundi, waambie wakutane uso kwa uso wapike kitu pamoja, utaona.

Nafuu yangu ni kwamba mimi nilibakiwa na mchana mmoja na baiskeli isiyo na breki, na bado niliwahi. Wewe una wiki nzima kabla ya mtihani, na simu mkononi. Hujachelewa hata kidogo, na tangu nilipoliona hilo kifua changu kimekuwa chepesi.

Ila kuna kitu kimoja kwenye ujumbe wako. Umenitajia alama zake, umenitajia anavyowashusha, hukunitajia jina lake. Nenda kesho ukasimame kwenye dawati lake, uongee naye, halafu unitumie jina lake nimwombee kama ninavyokuombea wewe. Mungu akupe moyo wa subira na sauti isiyochoka. Akukinge na sifa zinazokaa juu ya mgongo wa mtoto wa mtu. Na asubuhi ya mtihani akujalie upite kati ya madawati yako, uhesabu, na usikute hata moja lililo tupu.